Chuma cha Kelestini

Maiti ya Kelestini ilikutwa ndani ya dungu lake la kulindia mpunga, huko Mofu. Paja la kulia lilikuwa limepasuliwa. Damu ilikuwa imeshuka kupitia mianya ya fito mpaka ardhini, na nzi walifika kabla ya polisi.

Inspekta Fridolin alipanda ngazi, akachuchumaa, akatazama bila kugusa. Ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka 1956, na joto la bonde lilishaanza kufanya kazi yake.

"Wanasema ni mumiani, afande," alisema Sajini Barnaba kutoka chini. "Kijiji kizima kimefunga milango."

"Mumiani anataka damu. Damu hiyo hapo umeikanyaga."

Barnaba alitazama buti zake, akasogea pembeni.

Juu ya jeraha ulikuwa umefungwa mkanda, na ndani ya mkanda kijiti kilichosokotwa ili kuubana. Hiyo ni kazi ya mtu aliyetaka damu isimame. Katikati ya meno ya marehemu kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri. Mikono haikuwa na alama ya kamba wala mchubuko.

"Huyu alilala mwenyewe," alisema Inspekta.

"Akubali kuchinjwa?"

"Akubali kupasuliwa. Ni tofauti."

Alilitazama tena jeraha. Lilianza sawasawa, kisha likaenda kombo, na pembeni yake kulikuwa na vijikato vidogo vidogo, kana kwamba mkataji alikuwa amepanda baiskeli.

"Mlevi," alisema Barnaba, ambaye sasa alikuwa amepanda naye.

Inspekta alinusa kikombe kilichokuwa karibu na kichwa cha marehemu. Chai.

Balbina, mke wa marehemu, alikuwa amekaa chini ya dungu, kanga kichwani, sufuria ya uji kando yake. Ndiye aliyeikuta maiti asubuhi.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Uliza."

"Alikuwa na ugomvi na nani?"

"Kelestini? Hata nguruwe waliokula mpunga wake aliwatukana kwa upole."

"Jana alikuwa na mgeni?"

"Alisema anakuja kulinda mpunga. Sikumfuata kumlinda yeye."

"Paja lile lilikuwa na nini?"

Balbina aliinua macho. "Chuma. Cha kombora. Alikwenda vitani Burma na Keya, jeshi la Waingereza, akarudi nacho. Kilikuwa karibu na ngozi kabisa, watoto wote wa hapa wamekigusa. Tulihangaika na barua mpaka nikachoka. Mwaka jana daktari akakipiga picha ya eksirei, akaandika maoni yake, bodi ikakubali kumpa pensheni ya ulemavu."

"Na sasa?"

"Sasa hakuna. Ni ya mlemavu, siyo ya mjane. Hilo walituambia siku ile ile waliyompa."

*

Daktari wa serikali, Mzungu mrefu aliyejua Kiswahili cha kutosha, alimaliza uchunguzi wa maiti jioni ile mjini Ifakara.

"Mshipa mkubwa wa damu umekatwa," alisema. "Na chuma hakipo. Nilikiona mwenyewe kwenye eksirei. Kimeondolewa."

"Nani anahitaji chuma kilichokuwa kwenye paja la mtu?"

"Hakuna. Hakina thamani yoyote."

"Kwako kina thamani, daktari."

Daktari aliacha kunawa. "Unasema nini?"

"Jumatatu bodi inakaa hapa kusikiliza askari wa zamani, kwa mara ya mwisho. Bila maoni yako mtu hapati kitu. Umemkataa nani?"

"Wengi. Mtu anakuja, anasema vita vimemharibu. Nampiga picha, sioni kitu. Niandike nini? Bodi haitaki hadithi, inataka ushahidi."

"Kati ya hao, nani alikuwa rafiki wa Kelestini?"

Daktari alifikiri. "Yupo mmoja walikuja pamoja. Tadei, wa Mlabani, hapa hapa mjini. Kombora lililipuka karibu naye, tangu hapo anasema si mzima. Picha yake ilikuwa safi kabisa. Nikaandika kwamba ni pombe."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza, mwenzangu ana nini ambacho mimi sina?" Daktari alichukua taulo. "Nikamjibu, ana chuma."

*

Asubuhi iliyofuata Domitila, mke wa Tadei, alikuwa akikaanga vitumbua mbele ya nyumba. Aliwaona polisi, akageuza kitumbua kwanza.

"Karibuni. Kama ni vitumbua, hivi hapa. Kama ni Tadei, anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Homa. Jana alirudi amedandia lori la mpunga, tayari yuko hivyo. Kwangu anaumwa siku zote. Kwa daktari tu ndipo huwa mzima."

Chumbani kulikuwa na harufu ya usaha. Tadei alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, jasho linamtoka.

"Shikamoo, kaka," alisema Inspekta.

"Marahaba. Kaa upande huu. Sikio hilo halisikii."

Inspekta alihamia upande wa pili wa kitanda. "Nimetoka Mofu."

Tadei alilivuta blanketi likafika mdomoni.

"Kelestini amekufa. Naona hushangai."

"Naumwa."

"Ondoa blanketi."

"Mguu unaniuma."

"Ndiyo maana nasema ondoa."

Barnaba alilivuta. Paja la kulia la Tadei lilikuwa limevimba na kung'aa. Katikati palikuwa na jeraha bichi lililoshonwa kwa uzi wa nyavu, mishono ikielekea kila upande.

"Tadei, hulazimiki kusema lolote," alisema Inspekta. "Lakini utakalosema litaandikwa, na litatumika mahakamani."

"Andika. Nilimuua mimi."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kumuua. Wazo lilikuwa lake. Alisema, Tadei, chuma hiki kwangu kimeshamaliza kazi, pensheni nimepata. Kitoe, kitie kwako, Jumatatu ukapigwe picha. Akacheka. Alisema tutakuwa tumewapiga Wazungu kwa kombora la Wajapani."

"Mngekwenda kwa dresa wa hospitali, anayefunga vidonda."

"Dresa angeuliza. Mimi mwenyewe nilimwambia atafute mtu mwingine. Akasema, nani mwingine? Burma ulinifunga mguu huu huu, risasi zinapita juu yetu." Tadei aligeuzia uso ukutani. "Juzi nimemfunga vilevile. Haikusaidia."

"Ikawaje?"

Tadei alitoa mikono yake, akaiinua mbele ya uso wa Inspekta. Ilitetemeka kama mfuniko wa sufuria inayochemka.

"Ikawa hivi. Mwanzo niliibana, ikatulia. Kisha ikaanza."

Barnaba aliacha kuandika.

"Alipokata roho, ulikuwa umeshakitoa chuma?" aliuliza Inspekta.

"Bado."

"Ukaendelea kukichimba?"

"Ndiyo."

"Kwenye mwili wa rafiki yako."

"Niliona nikikiacha, atakuwa amekufa bure." Alifumba macho. "Domitila amenilisha tangu nirudi kutoka vitani. Siwezi kushika jembe. Siwezi kushika kikombe. Nilitaka mara moja tu mtu aone."

Mlangoni, Domitila alikuwa amesimama na kijiko cha kukaangia, mafuta yakidondoka sakafuni.

*

Daktari alikitoa chuma kwenye paja la Tadei siku ile ile, akakiweka kwenye bakuli. Hakikuzidi ukubwa wa punje ya hindi. Inspekta alikitia kwenye bahasha ya vielelezo, akaifunga kwa lakiri.

Shtaka lilikuwa kuua bila kukusudia. Mahakama ilitaka maoni ya daktari kuhusu mshtakiwa, basi Jumatatu daktari alikaa karibu na kitanda cha Tadei hospitalini kwa muda mrefu. Alipima mikono, akapima sikio, akamuuliza Domitila habari za pombe.

"Hajawahi kuinywa hata harusini kwetu," alisema Domitila. "Ungeniuliza mwaka jana."

Daktari aliandika, akampa Inspekta, naye akasoma kwa sauti kama sheria ilivyotaka: "Mikono ya mshtakiwa inatetemeka kutokana na mlipuko wa vita. Hana uwezo wa kuizuia."

Chumba cha pili bodi ilikuwa imeshakaa. Jina la mtu liliitwa, viatu vikaburuta.

"Kwa hiyo ni migonjwa?" aliuliza Tadei.

"Ni migonjwa," alisema daktari.

"Tangu lini?"

"Tangu Burma."

"Basi nipe nakala, Domitila aipeleke hapo chumba cha pili, kwa bodi."

Daktari alifunga kalamu yake. "Maoni haya ni ya mahakama."

Tadei hakubishana. Alinyoosha mikono yake ifungwe. Barnaba alijaribu kuitia pingu, zikateleza. Akajaribu tena, chuma kikagonga mfupa.

"Samahani, kaka," alisema Barnaba.

Ilibidi Inspekta aishike mikono ile kwa nguvu, yote miwili, ndipo pingu zikajifunga.