Majibu Matatu Chini ya Gari

Kila asubuhi ya likizo ilianza kwa maji ya Bibi. Sindano aliyapima kwa kikombe kidogo cha bati, akayamimina kwenye chupa moja, kisha akaifunga. Figo za Bibi zilikuwa zimeacha kufanya kazi, na daktari alikataza asinywe zaidi ya chupa ile kwa siku nzima, kwa maana mwili haukuwa na njia ya kuyatoa maji.

"Mke mwenza," Bibi alimtania, "unanipimia maji kama muuza mafuta ya taa! Niongezee tone moja tu, sitamwambia mtu."

"Bibi, hapana. Nikikuongezea, nitakayelia ni mimi."

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baba alimpeleka Bibi hospitali kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Bibi hakuweza tena kukaa kwenye basi. Miguu ilimvimba na ilibidi aunyooshe mwili. Kwa hiyo gari la baba, gari kuukuu la dizeli lenye kiti kirefu cha nyuma, ndilo lililokuwa uhai wake. Mama alifanya kazi mji mwingine na kurudi mwisho wa mwezi, basi nyumbani walikuwa watatu hao.

Sindano si jina alilozaliwa nalo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na baba alimwita hivyo kwa sababu hapakuwa na upenyo uliomshinda. Gari likifika wakati wa kubadilishwa oili, wembamba huo ulikuwa na kazi. Filta ya oili ilikaa juu kabisa nyuma ya injini, kati ya bomba na chuma cha kukingama. Mkono wa baba ulikuwa mnene, na vidole vyake viwili vilivunjika kazini miaka mingi nyuma, havikujikunja. Mkono wa Sindano ulipita.

Jumamosi ile walianza alasiri. Baba aliwasha injini kidogo ili oili ipate joto na kutiririka vizuri, akaizima. Akaweka vipande vya mbao nyuma ya magurudumu, akanyanyua mbele kwa jeki, kisha akaingiza stendi mbili za chuma.

"Jeki hunyanyua, haishikilii," alisema, kama alivyosema kila mara. "Asiyelijua hilo hulijua siku moja tu, na hapati siku ya pili."

Alifungua nati ya chini. Oili ikamwagika kwenye beseni, nyeusi tititi. Zamani Sindano alidhani weusi ule ni ugonjwa, mpaka baba alipomweleza kuwa oili ya dizeli huwa nyeusi hata wiki ya kwanza, kwa sababu inabeba masizi ya injini. Ndiyo kazi yake. Oili ya zamani hawakuimwaga mtaroni. Waliiweka kwenye dumu na kuipeleka gereji.

Halafu ikaja zamu ya Sindano. Alijilaza kwenye kipande cha boksi, akapenyeza mkono, akaifungua filta ya zamani. Baba alilala ubavuni pa gurudumu. Kutoka pale hakuona kitu, kwa hiyo walikuwa na desturi yao: yeye huuliza maswali matatu, Sindano hugusa kwa kidole, ndipo hujibu.

Sasa, siku hiyo wenzake walikuwa nje ya geti na kamba ya kuruka. "Sindanooo! Tunakuhesabia mpaka ishirini, tunaanza bila wewe!"

"Kiti cha filta ni kisafi?" baba aliuliza.

"Kisafi."

"Mpira wa zamani..."

"Umetoka!" alidakia, hata kabla baba hajamaliza.

"Mpira mpya umeupaka oili?"

"Nimeupaka."

Majibu matatu, na la katikati halikuwa na kidole nyuma yake. Alilijibu kama mtu anavyoimba mara mbili mbili ni nne. Mpira wa filta ni pete nyembamba tu, na mara nyingine ile ya zamani hung'ang'ania juu kwenye kiti, pale filta inapokaa. Ukifunga filta mpya juu yake, pete mbili hupandana, na pete mbili hazizibi kama moja. Sindano alilijua hilo fika! Baba alimfundisha.

Alifunga filta mpya, wakatia oili mpya, wakapima kwa kijiti, wakawasha injini. Baba alichungulia chini. Pakavu. "Safi kabisa," alisema, na Sindano akatoka mbio kwenda kuruka kamba.

Jumapili asubuhi alitumwa kuikung'uta filta ya zamani ndani ya dumu. Aliigeuza. Mfereji ulioshikilia mpira ulikuwa mtupu. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza tena, kama kwamba mpira ungejitokeza kwa kumhurumia. Akatafuta kwenye beseni. Akatafuta sakafuni kwa mikono na magoti. Hakuna. Basi ulikuwa juu, ndani ya gari, umebanwa na filta mpya.

Aliingia ndani ili aseme, na naapa kwamba alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini baba alikuwa akimwambia Bibi, "Mama, mjukuu wako ana mkono wa fundi. Watu wazima ningewakagua mara mbili. Huyu simkagui."

"Amechukua kwangu," alijibu Bibi. "Wewe ulizaliwa na mikono ya kushikia vijiko."

Wote wawili wakacheka. Sindano akageuka, akatoka tena uani. Akajiambia: baba alichungulia, pakavu, labda haitavuja. Siku nzima alilimeza neno lile, na kila alipolimeza lilizidi kuwa gumu kulitoa.

Jumatatu walitoka alfajiri. Sindano alikaa nyuma, miguu ya Bibi mapajani mwake. Walikuwa katikati ya mlima, injini ikiunguruma kwa nguvu, taa nyekundu ya oili ilipowaka. Baba alizima injini pale pale na kulisogeza gari kando. Nyuma yao, barabarani, ulikuwepo mstari mweusi unaong'aa.

Baba alipiga simu. Majirani wawili wenye magari walikuwa safarini kwa wiki nzima, na gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa bovu. Alisimamisha magari mpaka mkono ukachoka; yaliyosimama yalikuwa yamejaa. Jua likapanda. Bibi aliacha utani wake. Alianza kupumua kwa mdomo, kwa pumzi fupi fupi, na Sindano alimpepea kwa daftari huku machozi yakimtoka bila sauti.

"Unalia nini, mke mwenza? Gari ni chuma, hata chuma huchoka."

Laiti Bibi angemgombeza! Upole ule ulimkata maini.

Ilipofika saa sita hospitali ilisema zamu ya Bibi imepita, mgonjwa mwingine amewekwa kwenye mashine. Aje kesho saa tatu, na asikose. Siku mbili za mwisho wa wiki bila mashine, na sasa ya tatu. Akikosa na ya nne, maji yangeingia kwenye mapafu.

Aliyekuja na trekta kuwavuta hadi nyumbani ni fundi wa mtaani, mwanamke wa makamo mwenye ovaroli, ambaye watu wote walimwita Mama Grisi. Alilala chini ya gari uani, akamulika tochi. Injini nzima ilikuwa imeogeshwa oili, huwezi kujua imeanzia wapi.

"Kaka, mlibadilisha oili juzi. Ile filta, mpira wa zamani mliutoa?"

Sindano alisimama mlangoni.

"Hapo usipoteze muda," alisema baba. "Binti yangu aligusa kwa kidole. Namwamini kuliko macho yangu."

Mama Grisi alijipangusa mikono. "Basi kama si filta, itakuwa sili, ule mpira wa kuzuia oili nyuma ya injini. Ni kushusha gia boksi yote. Nikijitahidi sana, siku nne."

"Siku nne?" baba aliuliza. "Mama yangu hana siku nne."

Baba aliketi chini, pale pale kwenye oili, akauficha uso kwa ile mikono yake mizito. Mabega yalimtikisika. Sindano hakuwahi kumwona baba akilia. Kutoka dirishani sauti ya Bibi ikaja, dhaifu, ikikatika kila baada ya maneno mawili. "Mwanangu... usilie. Nimekula chumvi... nyingi. Hata nikienda... sina deni na... dunia."

Sindano alijua kwamba akisema, baba hatamwita tena Sindano kwa sauti ile. Alijua pia kwamba asiposema, atabaki na jina zuri na bila bibi.

"Sikugusa," alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno, hawakumsikia. Akasema tena, kwa kelele, akilia. "Sikugusa, baba! Nilidanganya! Mpira wa zamani uko juu. Jana niliona kwenye filta haupo na nikanyamaza."

Baba alinyanyua uso, akamtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua. Hakumpiga, hakumfokea. Sindano angependa afokewe.

"Loo, mtoto wewe!" Mama Grisi aliguta. "Ukisimama hapo ukilia, nani atakusaidia? Mkono wangu haupiti huko. Lala chini!"

Sindano alijilaza, akapenyeza mkono. Filta ilipotoka, alipitisha kidole juu polepole, na safari hii kidole kilikutana na pete ya mpira iliyopasuka na kuning'inia upande mmoja. Aliing'oa. Akasafisha kiti kwa kitambaa, akagusa, akagusa tena. Filta nyingine ikafungwa, oili nyingine ikatiwa. Mama Grisi aliwasha injini, akaweka sikio, akaiacha iungurume nusu saa nzima huku akimulika chini.

"Mna bahati," alimwambia baba. "Ungechelewa kuizima kwa dakika moja tu, ingejishika na kukwama kabisa, na hata mimi nisingekuwa na la kusema."

Baba alishukuru. Kwa Sindano hakusema neno, wala wakati wa chakula, wala kesho yake njiani. Bibi alikesha ameketi kwa sababu akilala alikosa pumzi, na Sindano aliisikia kila pumzi kupitia ukutani. Aliwahi kuadhibiwa shuleni na nyumbani, lakini hakuna adhabu iliyokuwa imemuuma kama kuhesabu pumzi zile.

Saa tatu asubuhi Bibi aliwekwa kwenye mashine. Baba na binti walikaa kwenye benchi la ukumbini, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Baba, nisamehe," alisema Sindano hatimaye.

Baba alitazama mlango wa chumba cha mashine. "La Jumamosi nimekusamehe tangu jana," alisema. "Ni kosa la haraka, hata mimi ninayo mengi. La Jumapili ndilo linaloniuma. Ulijua, ukaona aibu, ukaacha aibu yako ipande gari pamoja na mama yangu."

Sindano aliinamisha kichwa.

"Sikiliza. Mimi huko chini sioni. Neno lako ndilo jicho langu, na watu wengi maishani watakutegemea hivyo hivyo. Nikikuuliza, sitaki majibu mazuri. Sema 'sijaangalia', sema 'sijui', sema 'nimekosea', hata kama nimetoka kukusifu sasa hivi. Kosa likisemwa mapema, hutengenezeka kwa spana. Likifichwa, hutafuta mtu wa kumlipisha, na mara nyingi si wewe."

"Nimesikia, baba."

"Jana ulisema kwa kuchelewa, lakini ulisema. Ungenyamaza, leo tusingekuwa na wa kumleta hapa." Baba alisogea, nafasi ile ikaisha, akamwekea mkono begani. Ndipo Sindano alipolia kweli kweli, mpaka watu wa benchi la pili wakageuka.

Baada ya muda wa saa nne muuguzi alifungua mlango akawaambia wanaweza kuingia. Bibi alikuwa amelala chali, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na kifua chake kilipanda na kushuka taratibu.