Nguo za Kutoonekana

Mguu wa Tauno Kettunen ulivunjika kwa mlio wa tawi kavu, na kwa nukta moja binti yake alidhani ni tawi kweli.

Walikuwa wanamalizia kuvuka kinamasi cha mierezi, Tauno mbele, Senja hatua sita nyuma, kila mmoja na upinde wake begani. Theluji ilikuwa imefunika magogo mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu. Tauno alikanyaga katikati yake, mguu ukazama hadi gotini, na mwili ukaendelea na safari.

"Usinivute!" Tauno alimkemea Senja alipomkimbilia. "Vuta gogo. Mimi niache."

Senja alivuta gogo. Mguu ulipotoka, kiatu kilikuwa kinatazama upande ambao kiatu hakitakiwi kutazama. Alikata matawi mawili, akayafunga mguuni kwa skafu yake na kamba ya akiba ya upinde. Baba yake alitazama juu muda wote, meno yameumana, uso mweupe kama suti aliyovaa.

Suti hiyo aliinunua Senja. Alizunguka duka la vifaa vya uwindaji mara tatu kabla ya kuichagua. Alipita suti zenye michoro ya majani makavu, ya magome, ya matete ya kijivu, akasugua kila mkono wa koti karibu na sikio lake, kwa kuwa kitambaa kinachopiga kelele ni sawa na kumwita kulungu kwa jina. Mwishowe akashika nyeupe, yenye michirizi myembamba kama vivuli vya vijiti juu ya theluji, na kofia inayofunika uso mpaka machoni. "Mzee akivaa hii," muuzaji alimwambia, "hata mama mkwe wake hatamwona." Kwake mwenyewe Senja alinunua ya kijivu, iliyopunguzwa bei.

Jana jioni, kwenye kibanda chao cha uwindaji, Tauno aliinusa ile suti akakunja pua.

"Umeifulia nini?"

"Sabuni, baba. Ile ya bluu ya nyumbani."

Tauno alicheka mpaka akakohoa. "Mama yako alifulia magadi matupu miaka thelathini! Sabuni hiyo ina ung'avu, we mtoto. Sisi hatuuoni, kulungu anauona. Kesho nitakuwa taa inayotembea."

Senja alihisi mashavu yakiwaka. Tangu mama yake afariki mwezi wa nne, kila alichokigusa cha baba yake alikigusa vibaya kidogo. "Basi vaa koti lako la zamani."

"Si ulisema nikilivaa nafanana na kitambaa cha meza?"

"Nilitania."

"Umeninunulia, nitavaa. Kulungu wakinicheka, shauri yako."

Kwa hiyo lile koti la sufu, lenye miraba myekundu na myeusi, lilibaki kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa kibanda. Na mfukoni mwake, mahali vilipokaa siku zote, vilibaki kiberiti na filimbi.

"Kiberiti kiko wapi?" Senja aliuliza sasa, ingawa alikwisha kujua.

Tauno alipapasa suti nyeupe, akaacha. Hawakutazamana.

"Simu inashika kileleni mwa kilima tu, nyuma ya kibanda," alisema Tauno. "Dakika arobaini kwenda. Piga, chukua sleji, rudi. Nitakaa papa hapa. Nitaenda wapi na mguu huu, dansini?"

Senja alimwachia chupa ya kahawa na pasti moja, mkate uliojazwa nyama na viazi. Akamwegemeza kwenye shina la mwerezi. Alipofika hatua thelathini aligeuka kumpungia mkono. Hakumwona. Aliona theluji, shina, theluji. Kisha mkono mweupe ukainuka kutoka mahali pasipo na kitu.

Alipokuwa njiani, upepo wa ziwani ulianza.

Kileleni simu ilishika mtandao kwa mstari mmoja tu. Gordy Beauchamp, jirani aliyekuwa kwenye kikosi cha uokoaji cha kujitolea, alisikiliza bila kumkatiza. "Itatuchukua saa moja na nusu, labda mbili," alisema. "Barabara imeanza kuzibwa. Senja, amevaa rangi gani?"

Msimu wa bunduki ulikuwa umekwisha wiki iliyopita. Hakuna aliyelazimika tena kuvaa kizibao cha rangi ya chungwa ili wawindaji wenzake wamwone.

"Nyeupe," alisema Senja.

Kisha Gordy akasema polepole, "Rudi ukae naye. Tutafuata kinamasi kutoka barabarani. Hakikisha tunakuona *wewe*."

Kibandani alilichomoa koti jekundu msumarini na kulivaa juu ya suti yake. Lilimfika magotini. Akafunga kiunoni kamba ya sleji, ule ubao wa kuburutia mizigo thelujini, akashuka mbio.

Nyayo zake zilikuwa zimejaa. Theluji ilikuja kwa ubavu, nene, ikishika kope. Alikwenda kwa kukisia, upepo shavuni kulia, na alipoona mabonge mawili marefu ubavu kwa ubavu, moja limesukumwa pembeni, akaongeza mwendo. Magogo yalikuwa yale yale, na hata mwerezi aliujua.

Chini ya mwerezi hapakuwa na mtu.

"Baba!"

Upepo ulilimeza neno kabla halijafika popote. Kifuniko cha chupa ya kahawa kilikuwa kimelala pale, nusu kimezikwa. Upepo ulikuwa unapiga shina lile moja kwa moja. Baba yake hakuweza kuuvumilia, akajiburuta kutafuta kinga. Kwenda wapi? Mburuzo ulikuwa umefutika.

Alizunguka mti, kisha miti mitatu, kisha kumi. Kila kisiki kilikuwa mtu aliyejikunja na kila bonge la theluji lilikuwa na mabega. Alichimba kwa mikono, akatoa gogo. Akachimba tena, akatoa jiwe. Alipiga filimbi mara tatu, akasikiliza, akapiga tena. Ilikaribia saa kumi na nusu, mwanga ukianza kuwa wa samawati, na alijua kwamba mtu asiyejibu ama hasikii ama ameshaacha kusikiliza.

Niliisugua sikioni, aliwaza. Nilichagua iliyo bora kuliko zote.

Alikuwa amepiga goti nyuma ya mzizi wa mti ulioanguka, akishusha pumzi, ndipo kulungu alipotokea. Alikuwa jike, hatua ishirini tu, masikio yamesimama. Hakumwona Senja, mzizi ulimficha, na wekundu wa koti, rangi asiyoiona kulungu, kwake ulikuwa kama gome tu. Alikuwa anatazama kando, chini ya mierezi midogo iliyolaliwa na theluji. Aliinua mguu wa mbele, akaupiga chini. Akainamisha kichwa, akakiinua ghafla. Akapiga mguu tena.

Hivyo ndivyo kulungu anavyokiambia kitu asichokielewa: jitokeze nikuone.

Upinde ulikuwa begani. Miaka miwili Senja alikuwa ameota nafasi ya hatua ishirini. Mkono haukwenda huko. Alikuwa anahesabu upepo. Ulitoka nyuma ya kulungu, ukimpita kwenda mbele yake. Hivyo harufu yoyote ya huko mbele haikuweza kumfikia.

Hanusi, aliwaza. Anaona. Ile sabuni.

Alisimama. Mkia wa kulungu ukainuka kama kitambaa cheupe, akaruka mara mbili, akatoweka. Senja hakumwangalia alikokwenda. Alikimbia kuelekea pale alipokuwa akitazama, bila kupepesa jicho, kana kwamba akipepesa pangepotea.

Lilikuwa bonge kama mabonge mengine. Alikuwa amelipita mara mbili. Alilishika, likawa na bega.

Tauno alikuwa ameacha kutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Macho yalifunguka nusu ndani ya ile kofia.

"Mama yako ameshawasha sauna?"

"Bado, baba. Usilale."

"Mwambie asizidishe maji kwenye mawe ya moto."

"Nitamwambia. Kunywa kahawa."

Alimvika koti la sufu, akalifunga vifungo vyote hadi kidevuni. Alibandua magome ya mti mweupe uliokuwa kando, yale yanayowaka hata yakiwa mabichi. Njiti ya tatu ya kiberiti ikashika. Moto ulikuwa mdogo, na moshi wake ulilazwa chini na theluji. Alimkumbatia kutoka nyuma, akamsugua mikono, akamtaka amtajie majina ya mbwa wote waliowahi kuwafuga. Alitaja watatu. Wa nne alimrudia mara mbili.

Kisha zikaja ngurumo za pikipiki za theluji, kutoka barabarani.

Senja alipiga filimbi. Ngurumo zilikaribia, zikawa kubwa, na kupitia matawi akaziona taa mbili zikisogea ukingoni mwa kinamasi. Alipiga filimbi mpaka masikio yakamuuma. Injini hazisikii filimbi. Taa zikawapita, zikaanza kufifia.

Alijitazama. Kijivu, juu ya kijivu.

"Nisamehe, baba. Dakika mbili tu."

Alifungua vifungo kwa vidole visivyohisi kitu, akalivua koti kutoka mwilini mwa baba yake, akalitundika kwenye ncha ya upinde. Akakimbia kwenye uwazi, theluji ikimfika mapajani, akiliinua juu na kulipeperusha, akipiga kelele ambazo hakujua kifua chake kinazo. Yeye ambaye darasani aliogopa hata kunyoosha mkono.

Taa ya nyuma ilisita. Ikageuka.

"Nimeona jekundu!" ilikuwa sauti ya Gordy. "Kule! Jekundu!"

Senja alikuwa ameshageuka, akirudi na koti kwa baba yake.

Hospitalini waliikata suti nyeupe kwa mkasi, vipande vipande. Vidole viwili vya mguu vya Tauno havikuokoka. Mguu wenyewe uliokoka, na vyuma sita ndani yake. Siku ya tatu aliamka akiwa na akili zake zote.

"Gordy anasema ulikuwa na jike hatua ishirini."

"Ndiyo."

"Hukumpiga."

"Alikuwa kazini," alisema Senja, kisha akalia, na Tauno akamwacha alie, mkono wake mzito juu ya kichwa cha binti yake.

Mwezi wa tisa uliofuata walikwenda dukani pamoja, Tauno na bakora yake. Alichagua polepole kuliko Senja, akisugua kila mkono wa koti sikioni. Aliponunua, alinunua na kofia mbili za rangi ya chungwa, ingawa msimu wa upinde haukuzidai.

Nyumbani Senja alizitia nguo kwenye mashine, akafungua kopo la magadi la mama yake. Tauno alilichukua taratibu mkononi mwa binti yake, akalirudisha rafuni.

"Ile ya bluu," alisema.

"Kulungu watatuona, baba."

"Waone." Alimimina mwenyewe, kikombe kizima, kikafurika. "Mmoja akiniona mimi, na wewe utajua nilipo."