Bamba Lisilopigwa Msalaba

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Haya. Mimi nilimwapia mdogo wangu Odile kwa kaburi la mama, na bado nakusimulia.

Odile aliolewa na Gaspard, mchapaji wa picha hapa kwetu Paris. Bosi wake, Mzee Urrutia, alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba, akalinyunyizia unga wa utomvu, akalitia kwenye tindikali hadi mistari na vivuli vikalika. Gaspard akapaka wino na kuchapa. Mzee alipenda visa vya kale vya Wagiriki. Safari hiyo alichora zimwi lenye kichwa cha fahali, limefungiwa ndani ya jumba la vichochoro visivyo na mwisho.

Desturi yao, nakala zilizoagizwa zikishatoka, bamba hukwaruzwa msalaba mbele ya wote, lisichapwe tena. Mzee aliongeza lake: "Huo msalaba ndio komeo la jumba."

Gaspard, mwizi yule, siku ya msalaba akapeleka bamba jingine, limejaa wino hata halitambuliki. Lile halisi akalificha.

Jumamosi mchana, wenzake wamekwenda kula, nikampelekea supu ya vitunguu. Nikamkuta na aproni yake, anazungusha gurudumu la mtambo wa kuchapia.

"Shemeji, funga mlango! Na huo mdomo pia."

"Wangu haufungiki, unajua. Leo unaiba nini?"

Akacheka, akaibandua karatasi. Kicheko kikakatika. Zimwi, ambalo Mzee alilichora mbali kule nyuma, lilikuwa limesogea.

Akachapa nyingine. Limesogea tena. Sasa lilikuwa limegeuza uso. Lilitutazama.

Lakini tamaa haina haya. Akalaza karatasi ya tatu juu ya bamba, akazungusha.

"Iache hiyo," nikanong'ona. "Twende."

Mlango ulikuwa nyuma yangu. Nikageuka. Ukuta. Pembeni, kichochoro. Mwisho wake, kichochoro kingine. Gaspard akanishika mkono, tukatembea. Tukatokea mbele ya mtambo. Tukajaribu tena. Mtambo. Harufu ya zizi. Nyuma ya ukuta, pumzi nzito.

"Shemeji, sioni dirisha."

"Nyamaza. Litakusikia."

Mara mlango ukafunguliwa, kirahisi tu. Mzee Urrutia akaingia na mafundi wote, wakitaniana, midomo ina mafuta. Wakasimama ghafla. Gaspard alikuwa ameshika gurudumu kana kwamba hatukutembea kabisa, wino hadi viwikoni, nakala za wizi zimeanikwa mbele yake.

"Kumbe ni wewe," Mzee akasema polepole.

Akaibandua karatasi ya tatu, akaitupa mezani bila kuitazama. Akachukua sindano, akaliinamia bamba.

Gaspard akapiga yowe. "Mzee, usikwaruze! Bado sijatoka!"

Wote tukamkodolea macho. Alikuwa amesimama katikati yetu.

Tukaiinamia ile karatasi. Mimi nilijitafuta kwanza. Sikuwemo. Ila kwenye kichochoro cha mbele kabisa palikuwa na mtu mwenye aproni, viganja vimekandamiza ukuta, mdomo wazi. Na juu ya bega lake, pembe.