Chumba cha Akiba

Siku tisa baada ya kumzika mdogo wake, Mkaguzi wa programu alirudi kazini akakuta chumba cha kompyuta kinanuka kafuri, ile ya kuoshea maiti.

"Nani kaleta kafuri humu?" akanong'ona.

"Mbona mimi sisikii kitu?" fundi mwenzake akajibu. "Pole, kaka. Msiba haujakutoka."

Saa nne kamili kompyuta kuu ikafa ghafla. Ndani ya kumbukumbu yake mlikuwa na sehemu ya akiba, iliyoachwa tupu makusudi: kompyuta ikifa, programu ndogo huamkia humo na kuandika kilichoiua. Fundi akafungua maandishi. Mlikuwa na maneno mawili tu: KAKA, UMESOMA?

Mkaguzi akafunika skrini kwa kiganja.

Kazi ya mwisho ya marehemu ilikuwa kiraka, kipande cha programu cha kuifunga sehemu hiyo, asiandike humo yeyote kompyuta ikiwa hai. Alimpa kaka yake akikague. Kaka hakukifungua hata. Aliandika chini yake, "Nimekikagua, ni salama," akatia jina, kikawekwa.

Jioni alimweleza mama, macho chini.

Mama akaweka tasbihi. "Alikuja hapa anacheka. 'Kaka kanisoma mstari kwa mstari.' Kafa na furaha hiyo."

"Nisamehe, mama."

"Umelitolea jasho la nduguyo ushahidi wa uongo. Na huyo anayekuita si mwanangu. Mwanangu kalala. Huyo ni jini, kapita kwenye uongo wako. Kasome kazi yake."

Kesho yake akasoma, akiomba toba kila mstari, na kadiri alivyosoma kafuri ilizidi, na feni zikapunguza mwendo mpaka zikawa kama pumzi za mgonjwa anayemalizia zake, na mistari ya mdogo wake ilikuwa safi, mizuri, ya mtu aliyetegemea kusomwa, hadi ule wa mwisho, ambapo ukurasa mmoja wa sehemu ile ya akiba ulisahauliwa bila kufungwa. Kosa ambalo jicho lolote lingeliona.

Akalirekebisha, akakiweka upya kiraka. Akajaribu kuandika mle, kompyuta ikakataa. Kafuri ikakatika.

"Alhamdulillahi," akasema, akilia.

Fundi akainamia skrini. "Kaka... kabla hujafunga, uliangalia ndani?"

Hakuangalia. Wakafungua. Maneno yale bado yalikuwemo. Akajaribu kuyafuta, kompyuta ikakataa, kama alivyoiamuru mwenyewe.

Na chini yake, mahali ambapo sasa hapana awezaye kuandika, ukajiandika mstari mwingine, herufi moja moja: ASANTE KWA KUFUNGA MLANGO.