Minyoo Bapa Katika Bahari ya Munuki

Kila asubuhi Mzee Lony alihesabu mifugo yake. Ng'ombe hakuwa nao tena. Wezi walimwibia kundi zima miaka mingi iliyopita. Sasa aliishi mtaa wa Munuki kwa mwanawe, na mifugo yake ilikuwa samaki watano ndani ya tangi la kioo sebuleni. Aliwaita kwa rangi zao, kama alivyowaita madume wake: Madoa, Shingo-Nyeupe, Mwekundu.

Tangi lilikuwa la Achai, mke wa mwanawe. Achai alikulia Mombasa. Kwa kuwa Sudani Kusini haina bahari, alijitengenezea yake. Alinunua chumvi ya bahari, akaichanganya na maji safi, akaweka pampu, taa na matumbawe. Watu walimcheka. Yeye wala hakuwajali.

Siku moja binamu yake alimletea tumbawe jipya kutoka Mombasa. Furaha ilioje! Achai alilitia tangini hapo hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Kumbe mgeni huyu alikuja na wadudu.

Baada ya wiki tatu aliona vitu vyekundu, bapa, vidogo kama punje za mtama. Vilitambaa juu ya mawe na kioo. Vilifunika matumbawe hadi yakakosa mwanga, yakasinyaa. Achai akamkimbilia baba mkwe wake.

"Baba, tangi limeingia minyoo."

Mzee alisogea kutazama. "Nilipoteza kundi moja kwa kuchelewa kuamka," alisema. "Hili halipotei."

Akaingia chumbani kwake, akatoka na chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Alikuwa ameshafungua kifuniko Achai alipomwita jirani yao kwa sauti.

"Caroline! Kuja mbio!"

Caroline alikuwa fundi wa pampu za maji pale mtaani. Zamani, akiwa mkimbizi Kampala, alifanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo. Aliingia mikono ikiwa na grisi.

"Wacha, mzee! Usimwage!"

"Kwa nini? Mbuzi wangu walipona kwa dawa hii."

"Mbuzi ni mbuzi. Minyoo ikikufa kwa tumbo yake, inatoka nje. Hapa itatoka iende wapi? Hii minyoo iko na sumu kwa mwili. Ikikufa yote mara moja, sumu inabaki kwa maji, na samaki iko ndani ya hiyo maji. Utaua minyoo asubuhi, jioni unazika samaki."

Mzee alifunga kifuniko polepole.

"Sasa tufanye nini?" Achai aliuliza.

"Kwanza tunapunguza. Nani analisha hawa samaki?"

Achai akamtazama mzee. Mzee akatazama dari.

"Walikuwa na njaa," alisema.

"Malesh, pole mzee. Chakula inayobaki inaoza chini, na uchafu ndiyo inazidisha minyoo. Kidogo tu, mara moja kwa siku."

Kazi ikaanza. Kila siku Achai alifyonza minyoo kwa mpira mwembamba, akamwaga maji yale, akajaza mengine ya chumvi. Mgongo ulimuuma. Siku ya nne alitaka kukata tamaa, lakini mzee alikuwa ameshika ndoo, anasubiri. Akainama tena.

Baada ya siku kumi, minyoo michache tu ilibaki. Ndipo Caroline akaagiza Nairobi dawa ya minyoo ya matangi ya bahari. Walisoma karatasi ya maelekezo mara mbili. Walipima maji, wakapima dawa. Pembeni waliweka tayari maji mapya ya chumvi na makaa maalumu ya kusafisha tangi, siyo ya kupikia. Minyoo ilipoanza kufa, waliifyonza upesi, wakabadilisha maji, wakaweka makaa kwenye kichujio cha pampu yanyonye sumu iliyobaki. Wiki iliyofuata walirudia, ili kumaliza minyoo iliyokuwa bado mayai mara ya kwanza.

Samaki wote watano walikuwa hai. Matumbawe yakafunguka tena. Mzee Lony alicheka mpaka akakohoa.

"Lakini, Achai," alisema baadaye, "ng'ombe wa mnadani haingii zizini siku ya kwanza. Anaogeshwa dawa, analala peke yake, unamchunguza. Mtoto mdogo wa kwetu anajua hivyo. Mbona hukuniuliza?"

"Baba, sikujua kwamba ni mambo yale yale."

"Hata mimi sikujua. Ndiyo maana nilikimbilia chupa."

Miezi miwili ikapita. Binamu akaleta tumbawe lingine, la kijani, zuri ajabu. Achai alilitoa kwenye mfuko, macho yakimng'aa, akaelekea tangini. Fimbo ya mzee ikamzibia njia.

"Huyo wa wapi?"

"Wa Mombasa, Baba."

"Ameoshwa kwa dawa? Amekaa kando?"

Achai akaangua kicheko. Akaenda kuandaa ndoo yenye maji ya chumvi, pampu na taa yake. Mzee Lony akavuta kiti, akakaa kando ya ndoo ile kumlinda mgeni.