Barabara Iliyonyooka ya Mji wa Nuru

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne, Mwalimu Osward aliweka chini kibuyu cha maziwa, akashika tumbo, akaanguka kati ya meza za sadaka. Saa mbili na nusu kijana wa bodaboda aliyemkimbiza zahanati alirudi na pikipiki tupu.

"Amekata roho njiani," alisema.

Mji wa Nuru ulikuwa mwendo mfupi kutoka kijiji cha Matongo, wilayani Tarime. Osward, mwalimu mstaafu wa historia, aliupima kwa kamba miaka sita iliyopita. Aliwahubiria watu habari za Farao mmoja wa Misri ya kale aliyeacha miungu ya baba zake, akajenga mji mpya jangwani, na katikati yake hekalu lisilo na paa ili jua liingie lenyewe. Naye akafanya vivyo hivyo: nyumba arobaini, barabara kuu moja iliyonyooka, na hekalu la wazi juu mlimani. Waumini wote walivaa katambuga, ndala za tairi, za aina moja. Kila alfajiri nyumba moja ilipeleka sadaka, na jua likishapanda ukuta, Osward alikula wa kwanza.

Siku ile zamu ilikuwa ya Mayunga, Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu.

Saa nne Afande Selestine alifika na gari la polisi kutoka Tarime. Alinusa kibuyu mara moja tu.

"Dawa ya kupe. Nani kaleta maziwa haya?"

"Mimi, afande, shikamoo," alijibu Evelina, mke wa Mayunga. Ndiye aliyekuwa akifagia barabara ya mji kila siku, na alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Na mumeo, nimeambiwa, ndiye aliyekutwa na hirizi wiki iliyopita, Osward akamwaibisha mbele ya watu?"

"Ndiye."

"Akasema mzee atanijua?"

"Alisema."

"Basi hapo tunatafuta nini tena?" Mayunga akafungwa pingu.

"Nilikuwa na hasira tu, afande!" alilia Mayunga. "Mtu akikasirika si anaongea?"

Nyuma watu wakaanza kuokota mawe. Mmoja akapaza sauti: "Mura, kijana wetu, mlete huku, Tarime ni mbali!"

Evelina alisimama mbele ya afande. "Saa kumi na mbili kamili niliweka kibuyu mezani, nikafagia barabara yote kushuka. Kabla ya kengele hakuna anayeruhusiwa kuikanyaga ila mimi, ni sheria. Saa kumi na mbili na dakika arobaini nilitoka tena, nikakuta nyayo za mtu mmoja. Zimetoka kichochoro cha chini, zimepanda hekaluni, zimeshuka. Kengele ikalia, watu wakazifuta."

"Katambuga?"

"Katambuga."

"Kama za mumeo."

"Kama za wote. Lakini hizo zilipinda, afande. Mbele ya nyumba ya tisa zilikwenda kushoto hatua tatu, zikarudi katikati. Kupanda hivyo, kushuka hivyo. Hapo hapana shimo wala jiwe."

Afande aligeukia kichochoro. "Nani wanakaa kichochoro hicho?"

"Sisi, Filemoni, na Mama Pudensiana."

Filemoni alikuwa msaidizi wa Osward, na tangu saa tatu alishaanza kuitwa Mwalimu. Afande akamgeukia.

"Umefaidika haraka, mzee."

"Kondoo wakae bila mchungaji?"

"Dawa ya kupe unayo?"

"Nina ng'ombe kumi na nane, afande. Ulitaka niwaogeshe kwa soda?"

Wengine walicheka, na mawe yakashuka kidogo. Evelina alimnong'oneza afande jambo. Afande akakohoa, kisha akatangaza: kila mtu atoke mlango wa hekalu, ashuke mmoja mmoja mpaka kwenye gari, aandikishe jina. Yeye na Evelina walisimama kwenye nyumba ya tisa.

Filemoni alishuka kifua mbele, katikati kabisa. Baada yake wakashuka wanawake, wazee, mtu na mbuzi wake. Wote walipita katikati.

Mama Pudensiana alikuwa wa ishirini na sita. Alikuwa mjane mwembamba, mwenye sauti nzuri kuliko wote katika nyimbo za alfajiri. Macho yake yalitazama gari. Mbele ya nyumba ya tisa mguu wake ulikwenda kushoto. Hatua tatu. Akarudi katikati.

"Mama," Evelina aliita. "Hapo pana nini?"

"Hapana kitu."

"Basi rudi ukanyage. Ukikanyaga, mimi nanyamaza na mume wangu anaenda gerezani."

Pudensiana alirudi hadi pale. Akainua mguu, ukabaki hewani, akaurudisha nyuma.

"Simkanyagi mwanangu," alisema.

Akaonyesha ardhi kwa kidole.

"Shamba hili lilikuwa langu. Grasiana wangu amelala hapo. Nilimpigia Osward magoti apindishe kamba kidogo, hatua tatu tu. Akasema Mungu wa nuru hana haja na makaburi, barabara ya mji mtakatifu haipindi. Nikajiunga naye. Miaka sita nimemwimbia. Nilitaka afe mbele ya jua lake, watu wake wakimwangalia."

"Na Mayunga amekukosea nini?" Evelina aliuliza. "Kwa nini ulisubiri zamu yetu?"

Pudensiana alicheka bila furaha. "Hajakuambia? Osward alishika kamba tu. Jembe alishika nani? Aliyeng'oa msalaba na kusawazisha ni nani? Mmoja nilimtaka afe, mwingine aoze gerezani. Muulize."

Afande alimfungua Mayunga pingu na kumfunga Pudensiana. Mayunga alimnyooshea mkewe mikono. Evelina hakusogea.

"Ulijua ni kaburi?"

"Mwalimu alisema tunyooshe."

"Sijakuuliza Mwalimu."

Mayunga alitazama chini. "Nilijua. Alinilipa, nikasawazisha."

"Na huyu mama alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa analia."

Evelina alitikisa kichwa polepole. Afande alimwambia maelezo yake yatahitajika Tarime, ila anaweza kuja kesho na mumewe.

"Nakuja sasa," alisema.

Alipanda nyuma ya gari, akaketi karibu na Pudensiana, bega kwa bega. Mayunga aliita jina lake mara mbili. Gari likaondoka.