Fomu ya Kujitoa

Jumatatu ile mashine ya kuita namba ilikuwa imekata roho, na ukumbi wa ofisi ya ustawi wa jamii ulijaa hadi mlangoni. Wajane, wazee wenye mikongojo, kina mama na watoto mgongoni, kila mmoja na kikaratasi chake mkononi, na hakuna aliyejua zamu ni ya nani. Mkuu wa ofisi alitoka chumbani mwake, gauni la kijivu limenyooka kwa pasi, kalamu ameichomeka kwenye nywele kama kawaida yake. Akamkuta mwanamume mwenye ovaroli ya buluu amepanda juu ya benchi la serikali, bisibisi ameitumbukiza ndani ya mashine.

"Wewe! Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, mama. Lakini nina namba sitini na nne, na kwa mwendo huu nitaitwa nikiwa babu."

Akakaza skrubu. Mashine ikalia, taa ikawaka, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Alikuwa fundi lifti. Alikuja kuomba kumlea mpwa wake wa miaka sita. Dada yake alikuwa amefariki, na tangu siku ya mazishi mtoto aliishi kwenye makao ya watoto. Maombi ya namna hiyo Mkuu aliyapokea mwenyewe.

"Huna mke. Nywele za mtoto atasuka nani?"

"Mimi. Nimejifunza kwa mabinti wa jirani. Wawili niliwaharibu, wa tatu akatoka mzuri."

Mkuu akacheka, na kicheko chenyewe kikamshangaza. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mambo ya moyo alishayahesabu kuwa yamempita.

Simu zikaanza.

"Mkuu wangu, nimekumbuka sijaleta nakala ya cheti cha kuzaliwa."

"Uliileta juzi."

"Basi nimesahau nilichotaka kusema. Umekula?"

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mzee wa mafaili, yule mama aliyetunza masjala tangu Mkuu akiwa karani, aliona jinsi bosi wake alivyoanza kutembea na simu mkononi.

Wiki ya nne Mkuu akaenda kukagua makazi. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu. Fundi alikuwa amegonga kitanda kwa mikono yake, ameishusha swichi ya taa hadi kimo cha mtoto, na ametundika pazia jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Utakuja tena lini?" aliuliza.

"Nije kama nani?"

"Kama mwenye nyumba."

Mkuu akainamisha uso kwenye fomu na kuweka alama zake. Chumba kinafaa. Kitanda kinafaa. Usalama unafaa. Akashuka ngazi moyo mweupe.

Alikuwa amesharudi mezani kwake, chai mkononi, ndipo dirisha la chumba cha mtoto likamjia akilini. Lilikuwa pana na la chini, kitanda kimesogezwa ubavuni mwake, na halikuwa na nondo hata moja. Ghorofa ya tatu! Chai ikammwagikia vidoleni. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwafundisha maafisa wake kwamba chumbani kwa mtoto macho huanza na dirisha. Leo yeye ametazama pazia.

Akafuta alama zake, akaandika habari ya dirisha, kisha akachukua fomu ya kujitoa, ile ya afisa mwenye uhusiano na mwombaji. Kwenye nafasi ya sababu wenzake huandika "ndugu" au "jirani". Yeye aliandika: *Nampenda mwombaji. Sioni tena sawasawa.* Jioni hiyo faili likapelekwa ofisi ya upande wa pili wa mji.

Hadi hapo alikuwa hajakosea. Kosa lilikuwa kuzima simu. Alijiapiza kutozungumza naye kabisa hadi uamuzi utoke, mtu asije akasema mtoto alipatikana kwa mlango wa nyuma, fundi akanyang'anywa.

"Mkuu," alisema Mzee wa mafaili, "kanuni inakukataza kushika faili. Simu haikuitaja."

"Niache, mama."

Fundi alipiga mara kumi na moja. Siku ya nane akaja mwenyewe. Kwenye dirisha la huduma karani akamwambia, "Faili lako limeondolewa hapa. Amesaini Mkuu mwenyewe." Fundi akasimama mlangoni kwa Mkuu, kofia mkononi.

"Nimekosa nini?"

"Siwezi kuzungumzia faili lako."

"Sizungumzii faili. Nazungumzia mimi na wewe, mpenzi."

"Tafadhali. Nenda ofisi ya pili."

"Mtoto anauliza anakuja lini nyumbani. Nimwambie nini?"

Mkuu akatazama karatasi zake.

"Sawa, mheshimiwa," alisema fundi, akaondoka. Angemtukana, isingemuuma vile.

Ikapita miezi miwili, ukaingia wa tatu. Siku ya kuzungukia makao ya watoto, mlezi alimwambia kwamba yule mpwa wa fundi aliyekuwa akifunga kibegi chake kila asubuhi sasa ameacha. Haulizi tena. Mkuu alirudi kwenye gari akalia, na dereva akajifanya anafuta kioo.

Kisha, Jumatatu nyingine, akiwa mlangoni pa chumba chake, akaiona ovaroli ya buluu benchini. Fundi alikuwa amechukua namba, amekaa kama watu wote. Namba yake ilipoitwa, Mkuu alimwinua karani akaketi dirishani mwenyewe.

"Karibu. Shida yako?"

"Wamenipa mtoto. Juzi. Na ukishakubaliwa wanakuruhusu kusoma faili lako lote." Akaweka nakala ya fomu ya kujitoa juu ya kaunta. "Hii tarehe ni siku ile uliyokuja kwangu."

"Ndiyo."

"Siku hiyohiyo uliandika hivi. Halafu ukanyamaza."

"Niliogopa. Lakini kunyamaza hakukuamriwa na kanuni yoyote, nilijiamria mwenyewe. Nisamehe."

"Analala na viatu miguuni," alisema fundi taratibu. "Anadhani atarudishwa."

Machozi yakamtoka Mkuu mbele ya ukumbi mzima, na hakuyafuta.

"Sijaja kukugombeza. Nondo waliniwekesha wale wa ofisi ya pili, kwa ile habari uliyoandika. Jana asubuhi nimemkuta amesimama kitandani, amezishika, anachungulia chini barabarani." Sauti ikamkatika. "Kwa hiyo naomba uje Jumamosi. Labda wewe utamshawishi avue viatu."

"Nije kama nani?"

Fundi alimsogezea karatasi, kidole kikapita yale maneno *Nampenda mwombaji*, kikashuka chini kabisa, kwenye mstari ambao katika miaka yote kumi na miwili Mkuu hakuwahi kuuona umejazwa: *Maoni ya mwombaji*. Mwandiko ulikuwa wake, herufi kubwakubwa za fundi.

*Mwombaji hana pingamizi.*

Mkuu akasoma mara mbili. Akachomoa kalamu kwenye nywele, akasaini chini yake.